Rangi Iliyokataa Kutokea

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza alfajiri na haijakatika. Nimehamia kwa mdogo wangu na sanduku moja, magongo mawili na mguu wa kulia uliofungwa plasta mpaka chini ya goti. Nimeripoti moto, migomo na ajali kwa miaka karibu thelathini bila mkwaruzo, kisha nikaja kuvunjwa na ngazi ya ofisi iliyotoka kupigwa deki. Mhariri amenipa likizo mpaka mvua ziishe. Amesema nipumzike. Kazi hiyo siijui, kwa hiyo naandika.

Mdogo wangu ana miaka arobaini na moja. Anashona hospitalini: anatia viraka mashuka, anapunguza mikono ya magauni ya upasuaji, anarudisha vifungo. Zamu yake inaisha mchana. Alasiri anakwenda darasa la watu wazima, anakorudia kemia kwa mara ya tatu. Chuo cha mafundi wa maabara kimekubali masomo yake mengine yote, kimebaki hicho kimoja. Chuo hakipokei mtu aliyevuka arobaini na mbili. Akianguka safari hii, atashona mpaka astaafu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya jiko. Tumelihamisha jiko.

Ijumaa, 8 Machi

Ametandika jedwali la elementi kitandani, karatasi kubwa iliyokunjwa mpaka mikunjo imetoboka. "Niulize," akasema.

Nikamuuliza kutoka kwenye kitabu: kati ya klorini, bromini na iodini, ipi ni kioksidishaji chenye nguvu zaidi?

"Iodini."

"Kwa nini?"

"Iko chini. Kubwa. Potasiamu nayo iko chini ya sodiamu, na ukiitupa majini inawaka kuliko sodiamu. Nimeona kwa macho yangu."

Kuhusu potasiamu yuko sahihi, na hapo ndipo kosa lake lilipojificha. Nilisoma ukurasa mara mbili kabla ya kumjibu. Metali za upande wa kushoto wa jedwali kazi yao ni kutoa elektroni. Kadiri unavyoshuka, elektroni ya nje inakaa mbali zaidi na kiini, na kuiachia ni rahisi. Kioksidishaji kinafanya kinyume: kinanyang'anya elektroni ya mwenzake. Kwenye kunyang'anya, aliye mdogo ndiye mwenye faida, kwa sababu kiini chake kiko karibu na mpaka na mvuto wake unafika. Mkubwa ana tabaka nyingi za elektroni katikati, mkono wake haufiki. Kwa hiyo nguvu inaongezeka ukipanda juu na ukielekea kulia, mpaka kwenye florini. Safu ya mwisho kabisa haihesabiwi. Gesi zile zimeshatosheka.

"Yaani kadogo ndiko kajambazi?"

"Ndiko."

Akapitisha kidole kwenye safu ile. "Sijaona."

"Hujaona nini?"

"Sijakaona kakinyang'anya. Iodini naiona kila siku kwenye magauni ya upasuaji, doa la kahawia kama kutu. Hiyo klorini ndiyo mnaniambia tu."

Nilidhani ni uzito wa kuelewa. Nimeandika hapa kama nilivyodhani.

Jumapili, 10 Machi

Mama alikuja na mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika. Alimkuta mdogo wangu na kitabu. "Wewe mwanangu, utamaliza shule utoke mlango wa mbele, na wa kukustaafisha wanakungoja uani." Kisha akamwachia nauli ya wiki nzima chini ya kikombe, bila kusema.

Alhamisi, 14 Machi

Nilichoshwa na dari, nikaenda kuliona darasa. Liko juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira inapanda na ngazi. Meza sita ndefu, wanafunzi kumi na kitu, wote watu wazima wenye nyuso za mwisho wa zamu. Mwalimu ni mstaafu, mwembamba, kipande cha chaki mfukoni mwa shati kama wengine wanavyoweka kalamu. Hapigi kelele. Akikosoa, anakosoa kwa wino mwekundu na kwa herufi ndogo.

Umeme ulikatika na radi ya kwanza. Hakuna aliyeshangaa. Waliinuka wote, wakabeba viti vyao mpaka dirishani, na somo likaendelea. Vitu vya majaribio vimeshahamia huko siku nyingi: mirija ya kioo, chumvi, na chupa ya maji ya klorini, vyote kwenye kizingiti cha dirisha. Niliuliza kwa nini chupa zote ni nyeupe.

"Za kahawia zilianguka na rafu," Mwalimu akasema. "Nikaona afadhali. Mtu aone anachokitumia."

Nyuma yangu aliketi mwanamke anayesukia watu nywele sokoni. Wote wanamwita Msusi. Aliongea tangu mwanzo hadi mwisho. "Mwandishi, na sisi utatutoa gazetini? Andika kwamba nimependeza." Kwenye daftari langu la kichwani nilimweka upande wa wapiga domo.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua imekatika mchana.

Jumanne, 19 Machi

Jua. Kila kamba ya mtaa ina nguo.

Jumatano, 20 Machi

Jua kali. Ndani ya plasta kunawasha kiasi kwamba nimetumia sindano ya kufumia ya mdogo wangu. Amenitaka niioshe.

Alhamisi, 21 Machi

Leo walikuwa na jaribio la vitendo, lile linalohesabiwa. Asiyefikisha nusu ya alama hapelekwi kwenye mtihani wa mwisho. Amerudi, akashona kiraka ambacho hakikuhitaji kushonwa.

Ijumaa, 22 Machi

Amepata nne kwa ishirini.

Karatasi ninayo mbele yangu. Jaribio lilikuwa jepesi: mimina maji ya klorini kwenye maji yenye chumvi ya bromini, kisha kwenye yenye chumvi ya iodini. Klorini ni ndogo kuliko zote mbili, iko juu yao kwenye kundi, kwa hiyo inatakiwa kuwanyang'anya elektroni na kuwafukuza kwenye chumvi zao. Bromini ikifukuzwa, maji yanakuwa rangi ya chungwa. Iodini ikifukuzwa, yanakuwa kahawia.

Yeye ameandika hivi: *Bromini: hakuna badiliko. Iodini: njano hafifu, kama mkojo wa mtu aliyekunywa maji mengi. Hitimisho: klorini haina nguvu ya kuiondoa bromini.*

Kwa wino mwekundu: *Hii si fasihi. Na hitimisho ni kosa lako lile lile la mwaka jana, sasa unaliita ulichokiona.*

Jumamosi, 23 Machi

Nimemhoji kama ninavyohoji shahidi yeyote. Nani alimimina? Yeye. Matone mangapi? Kama ilivyoagizwa. Mrija ulikuwa safi? Aliuosha yeye mwenyewe, mara mbili. Kulikuwa na mwanga? Alikuwa dirishani.

"Wenzako waliandika nini?"

"Chungwa na kahawia. Wote."

"Na wewe kabla ya kumimina, ulikuwa unaamini itakuwaje?"

Akaelewa ninakoelekea. Mdogo wangu si mjinga. "Unasema nimeona nilichotaka kuona."

"Nauliza."

"Dada, unaniamini au huniamini?"

"Sijaamua."

Chai ya jioni nimejitengenezea mwenyewe, kwa mguu mmoja.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua imerudi, na Msusi pia. Alikuja kuchukua gauni alilopunguziwa kiunoni, mdogo wangu akiwa bado kazini. Aliketi bila kukaribishwa na kuniambia nywele zangu ni aibu kwa taaluma yangu.

"Wewe ulipata ngapi?" nikamuuliza.

"Kumi na nane!" Akapiga paja. "Mimi na kemia sasa ni mtu na shemeji yake."

"Uliona rangi gani?"

"Chungwa na kahawia."

"Sikuuliza uliandika nini."

Akalivuta gauni lake mapajani. "Niliandika kabla sijashika hata mrija," akasema. "Kitabu kinasema, nami nikasema. Hivyo ndivyo tunavyofanya wote, dada, tunakimbizana na muda."

"Na baada ya kushika mrija?"

"Maji." Akalikunja gauni lake vizuri kuliko lilivyohitaji. "Niliona maji tu."

"Utamwambia Mwalimu?"

"Ili nibebe ile nne mimi?" Akaondoka. Dakika hiyo hiyo akarudi kuchukua mwavuli, hakunitazama.

Mdogo wangu aliporudi nilimwambia: "Nimeamua. Nakuamini."

"Nani kakwambia?"

"Shahidi ambaye bado hajakubali kutajwa."

Akanitengenezea chai. Akasema kesho atamwomba Mwalimu arudie jaribio mbele ya darasa.

Alhamisi, 28 Machi

Mwalimu alikubali kwa masharti yake: atatengeneza maji mapya ya klorini mwenyewe, na kila mtu atatazama. Nilipanda zile ngazi, gongo kwa gongo. Mvua ilikuwa kubwa kiasi cha kufunga dirisha.

Maji mapya yalikuwa na rangi ya kijani kidogo sana na harufu iliyonikamata kooni nikiwa meza ya tatu. Mwalimu akamimina kwenye chumvi ya bromini. Chungwa, hapo hapo. Akamimina kwenye ya iodini. Kahawia, kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Darasa zima likamgeukia mdogo wangu. Niliwahi kukaa mahakamani mara nyingi na ninayajua macho yale. Ni ya watu wanaomhurumia aliyeshindwa huku wakifurahi kwamba si wao. Mwalimu hakushangilia. Aliweka mirija kwenye kishikizo na kusema kwa upole, "Umeona sasa, mama?"

Mdogo wangu alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Alitazama kwa muda mrefu.

"Nimeona," akasema. "Leo imefanya kazi."

"Jedwali halibadiliki kila wiki."

"Sijasema limebadilika, Mwalimu. Nasema hii niliyoiona leo sikuiona Alhamisi iliyopita. Basi yale maji yalikuwa kitu kingine. Yamebaki?"

"Yepi?"

"Ya siku ile. Chupa ile ile."

Ilikuwa pale pale kwenye kizingiti, robo yake imebaki. Mwalimu aliichukua kama mtu anayemridhisha mgonjwa. Akamimina kwenye chumvi ya bromini. Maji yakabaki maji. Akamimina kwenye ya iodini, ikaja njano ambayo ungeweza kuikosa ukipepesa jicho.

Akachukua mrija mwingine, akarudia. Kisha akafungua chupa ya zamani na kuinusa. Akafungua mpya, akakohoa. Akarudi kwenye ya zamani akainusa tena, pua karibu kuzama.

"Mwalimu." Ni Msusi, amesimama. "Na mimi niliona maji. Zile kumi na nane zangu ni za kitabu, si za macho."

"Kaa chini, dada."

"Sikai mpaka niseme. Huyu mwenzetu umempa nne kwa sababu ndiye peke yake aliyetazama. Sisi wengine tulinakili ukatupongeza. Mimi nikamwambia mpaka mteja wangu sokoni!"

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikawafungua. Fundi mmoja wa redio akainua mkono: na yeye maji. Kisha mwingine. Mikono ikapanda meza kwa meza.

Mwalimu hakuwatazama. Alikuwa akitazama dirisha, chupa nyeupe mkononi. "Wiki ile kulikuwa na jua," akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na ukuta. Akavuta kiti akakaa. Mara zote mbili nilizofika sikuwa nimemwona akikaa.

"Ni mimi," akasema. "Mwanga unayaua haya maji. Ndiyo maana ya chupa ya kahawia. Nimelifundisha jambo hili maisha yangu yote ya kazi, kisha nikaiweka chupa nyeupe juani siku tatu kwa sababu umeme unakatika."

"Unayaua vipi?" mdogo wangu akauliza. Hakuuliza kwa kumkomoa. Alitaka kujua.

"Klorini inataka elektroni, si ndiyo? Ikisaidiwa na mwanga, inazinyang'anya humo humo chupani, kutoka kwenye oksijeni ya maji. Oksijeni inatoka kama gesi, kinachobaki ni asidi. Kwa hiyo mlipomimina siku ile, klorini karibu yote ilikuwa imeshashiba."

"Na iliyoshiba hainyang'anyi."

"Hainyang'anyi."

Niliona jambo likimwingia mdogo wangu usoni. Sitaliremba: aliacha kukunja uso, basi. "Kwa hiyo haikuwa dhaifu," akasema. "Ina nguvu mpaka inashindwa kusubiri. Ilikuwa imeshamaliza kazi yake kabla hatujafika."

Mwalimu akatoa chaki mfukoni, akaigeuza vidoleni, akairudisha bila kuandika kitu. "Ulichokiona kilikuwa sahihi," akamwambia. "Ulichohitimisha bado ni kosa. Na mimi nilivihesabu vyote viwili kuwa kosa." Akakusanya karatasi za darasa zima, akazichana. Jumamosi wote watarudia.

Kwenye ngazi Msusi alinishika mkono nisianguke. Kwenye daftari la kichwani nimemhamisha upande.

Jumamosi, 30 Machi

Kumi na saba. Ameondolewa alama kwa mwandiko.

Chupa zote zimevalishwa karatasi nyeusi. Kazi ya mkono ni ya mdogo wangu, pindo zimeshonwa.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Plasta imetolewa. Mguu uliotoka humo ni wa mtu mwingine, mwembamba na mzee.

Jumapili, 14 Aprili

Mama alitaka kujua hiyo klorini imefanya nini mpaka mtaa mzima wa duka la matairi unaizungumza. Mdogo wangu akamweleza, bila kitabu. Alitumia vitufe vya nyuzi zilizoviringwa, akavipanga mezani: kitufe kidogo, kiini karibu na ukingo, kinavuta kwa nguvu. Kitufe kikubwa, nyuzi nyingi katikati, mvuto unafifia njiani. Florini, klorini, bromini, iodini; kila aliye juu anamnyang'anya aliye chini yake, na aliye chini hawezi kumrudishia aliye juu.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo kadogo ndiko kanakonyang'anya?"

"Ndiyo, Mama."

"Hilo ungeniuliza mimi bure. Si mimi niliyewalea wewe na dada yako?"

Mdogo wangu alicheka mpaka vitufe vikabingirika chini ya kitanda. Nilikuwa nikimsikiliza anavyoeleza na nikajikuta sina swali la kumuuliza, jambo ambalo halinitokei.

Ijumaa, 26 Aprili

Umeme haupo tangu jana. Anasomea dirishani.

Alhamisi, 9 Mei

Mtihani wa mwisho, sehemu ya vitendo. Nilimngoja chini, kwenye benchi la duka la matairi. Manyunyu tu, hata mwavuli sikufungua. Msusi alishuka wa kwanza, akapita akinipungia mikono yote miwili. Mdogo wangu alishuka wa mwisho.

"Vipi?"

"Walitupa vimiminika vitatu bila majina. Tuvipange kwa nguvu ya kuoksidisha."

"Ukavipanga?"

"Cha kwanza kilitoa chungwa na kahawia. Klorini hiyo. Cha pili kilitoa kahawia tu kwenye chumvi ya iodini. Bromini. Cha tatu nikakimimina kwenye chumvi ya bromini." Akakaa kando yangu, akanyoosha miguu. "Hakikutoa rangi mpya. Nikangoja. Wenzangu walikuwa wanaandika haraka haraka, mimi natazama tu. Hakuna kitu. Msimamizi akanisogelea, nadhani alidhani nimekwama."

"Ukaandika nini?"

"Hakuna badiliko." Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Safari hii ndilo jibu, Dada. Iodini haiwezi kumpokonya bromini. Na nimeona kwa macho yangu."

Jumanne, 21 Mei

Siku ya kwanza tangu Machi bila mvua wala wingu. Mhariri amepiga simu: Jumatatu ijayo nirudi kazini. Mdogo wangu ameanza kulalamikia kuondoka kwangu, nani atamhoji sasa. Nikamwambia simu zipo.

Jumatano, 5 Juni

Matokeo yametumwa kwenye simu yangu, kwa kuwa ya kwake ilikufa kwa maji mwezi wa Aprili. Nilikuwa ofisini. Nilimwambia mhariri ninatoka kwa dharura, akauliza kuna moto wapi, nikasema hakuna moto.

Chumba cha ushonaji kiko nyuma ya hospitali, baada ya stoo ya magodoro. Cherehani nne zilikuwa zinalia kwa pamoja. Alikuwa amesimama mbele ya meza ndefu ya kukatia, robota jipya la kitambaa cha kijani limefunguliwa mbele yake. Aliponiona aliangalia kwanza mguu wangu.

"Umepanda mlima wote ule kwa miguu?"

Nikampa simu. Hakusoma maneno. Alianza na namba ya mtahiniwa, tarakimu moja moja, midomo ikicheza, mpaka mwisho. Akarudi mwanzo akazisoma tena. Kisha jina la somo. Kisha daraja. Kisha akafumba macho kidogo, akafumbua, akatazama daraja kwa mara ya pili, kuhakikisha kwamba bado lipo.

"Nimefaulu," akasema.

"Umefaulu."

Mwenzake wa cherehani ya karibu akauliza kuna nini. Mdogo wangu alinirudishia simu, akajifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu, akashika pindo la kile kitambaa na kunisukumia ncha ya pili.

"Shika huko, Dada, uvute. Magauni haya yanatakiwa leo."

Nikavuta. Akachukua mkasi, akakata mstari mmoja ulionyooka kutoka kwake mpaka kwangu.